Shajara ya mradi: kihisi cha ute chini ya meli, Norfolk, Virginia, Marekani

Disemba 2023

Mada zimetoka, yaani orodha ya matatizo ambayo serikali inataka kampuni ndogo ziyatafutie suluhisho. Kwa wasioujua huu mchezo, serikali ya Marekani ina mpango unaitwa SBIR, ukawa sheria mwaka 1982 enzi za Reagan, ila mbegu yake ilipandwa 1977 pale NSF, shirika la serikali la kufadhili sayansi, na mzee mmoja Roland Tibbetts, na kanuni yake haina maneno mengi: wizara au shirika lolote la serikali linalotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwenye utafiti wa nje lazima litenge asilimia 3.2 kwa kampuni ndogo. Ndogo maana yake wafanyakazi wasiozidi 500, sasa sisi huku tunaenea kwenye magari mawili na nafasi inabaki, kwa hiyo hapo hatuna wasiwasi.

Binamu yangu wa Tanga kaniuliza kwenye WhatsApp, "kaka hiyo hela haina riba, hawachukui hisa, sasa wao wanapata nini?" Wanapata kazi. Ni mkataba ule, si zawadi, usipoleta ripoti hulipwi, na kitu kikifanya kazi wanaruhusiwa kukinunua kwako moja kwa moja bila kukushindanisha tena na makampuni makubwa.

Mada tuliyoipigia mstari ni ya jeshi la majini, wanataka namna ya kujua chini ya meli kumeota nini bila kusubiri mpaka mzamiaji apatikane. Mtu akisikia hivi anacheka, ute tu na mwani kidogo, lakini Michael Schultz wa chuo cha wanamaji kule Annapolis alishapiga hizi hesabu. 2007 alionyesha kwamba manowari ya aina ya frigeti ikishikwa na ute mwembamba tu inahitaji nguvu ya injini zaidi kwa kama asilimia 11 ili iende kasi ileile ya noti 15, ute mzito ni asilimia 21, na vile vigamba vigumu vya wanyama wanaojibandika vikishajaa inafika 86. Halafu 2011 yeye na wenzake wakaja na bei: manowari zote za daraja la Arleigh Burke kwa pamoja zinakula kama dola milioni 56 kwa mwaka kwa ajili ya huu uchafu tu, yaani karibu bilioni nzima kwa miaka 15. Mafuta mengi hayo yanaungua kusukuma konokono.

Wazee wetu pwani walilijua hili zamani, jahazi likipwelewa wanalichoma tumbo kwa makuti, wanakwangua, wanapaka deheni ya shahamu na chokaa, maisha yanaendelea. Tatizo la manowari huwezi kuipwelesha mchangani ukaichoma makuti.

Kipindi hiki kabla dirisha la kupokea maandiko halijafunguliwa ndio unaruhusiwa kumpigia simu mtaalamu aliyeandika mada. Dirisha likishafunguka humsikii tena, maswali yote yanapita kwenye mfumo na kila mshindani anayaona. Kwa hiyo nimempigia mapema. Swali langu kubwa lilikuwa moja, mnataka kuujua ute au mnataka kujua vigamba? Akajibu vigamba wazamiaji wanavigundua wenyewe, ute ndio unawapita. Jibu hilo limetuokoa wiki nzima ya kubahatisha.

Januari 2024

Andiko lenyewe kurasa 10 tu, ila makaratasi yanayolizunguka hayo usiombe. Kuna juzuu saba! La kwanza jalada, la pili ndio ufundi wenyewe, la tatu gharama, kisha historia ya mauzo ya kampuni, viambatisho, la sita ni mafunzo ya udanganyifu na ufujaji ambayo lazima uyaangalie mpaka mwisho, la saba ni la kutangaza uhusiano wako na nchi za nje. Hilo la saba limekuja na sheria ya 2022 waliporefusha mpango, wanahofia teknolojia kuvujia China na wenzake. Mimi niliyezaliwa Tanga nimekaa kulisoma kwa makini kama mtu anayesoma hati ya kiwanja, nikakuta nchi zinazowanyima usingizi ni China, Urusi, Iran na Korea Kaskazini, Tanzania haimo. Nikaendelea kunywa chai yangu.

Kingine, usajili wa SAM.gov, tovuti ya kujiandikisha kufanya kazi na serikali, ni bure kabisa. Nasema tena bure. Wapo vishoka wanaotuma barua pepe zenye nembo inayofanana na ya serikali wanataka mamia ya dola "wakukamilishie", na watu wanalipa.

Wazo letu ni hili. Ute wa mwanzo chini ya meli kwa sehemu kubwa ni bakteria na daiatomu, yaani mwani wa chembe moja, na daiatomu wana klorofili, ile ya mimea. Klorofili ukiimulika kwa taa ya bluu, mawimbi kama nanomita 470, yenyewe inatoa mwanga mwekundu hafifu karibu na 680. Kwa hiyo unaweka taa ya bluu, kichujio kinachopitisha nyekundu tu, kijicho cha kupokea mwanga, unafunga vyote kwenye kopo lisiloingiza maji, unakitembeza juu ya ngozi ya meli kwa roboti ndogo au kwa mkono wa mzamiaji. Unapata ramani. Fizikia yake imezeeka, watu wa bahari wanaitumia kwenye maji miaka mingi, sisi tunaihamishia kwenye rangi ya meli.

Februari 2024

Tumetuma. Mfumo ulikuwa mzito siku ya mwisho kama ilivyo ada, ndio maana sisi tulituma kabla. Tunangoja.

Mei 2024

Tumechaguliwa! Hii ndiyo awamu ya kwanza, ya kuonyesha kwamba wazo linawezekana: dola 140,000 za miezi sita, na opsheni ya 100,000 ya miezi mingine sita wakiipenda kazi. Ofisi nzima ilinuka pilau siku hiyo maana mke wangu hafanyi mambo nusu.

Ila kuchaguliwa si mkataba. Mkataba bado.

Julai 2024

Bado. Maji ya mto Elizabeth yamechemka vizuri, vibao vyetu vya majaribio tumeshavipaka rangi, viumbe vinaota kwa fujo kwenye kila nguzo ya gati unayoiona, na sisi hatuwezi kuanza kwa sababu saini moja imekaa mezani kwa mtu. Ukianza kabla ya mkataba, hela unayotumia ni ya kwako mwenyewe. Hapa ndipo ninapouona ubovu wa huu mpango kuliko mahali pengine popote. Hela ya serikali inafuata mwaka wa bajeti unaoanza Oktoba, viumbe vya baharini vinafuata joto la maji, na huku ghuba ya Chesapeake msimu wa kuota ni kati ya masika yao na mwanzo wa vuli, ukiupitisha umebaki na maji ya baridi na vibao visafi kama sahani.

Nilizungumza na rafiki yangu yupo Massachusetts, yeye anatengeneza kifaa cha kukagua reli, hela yake inatoka wizara ya uchukuzi. Wao SBIR yao inaendeshwa na kituo cha Volpe pale Cambridge, kilichoanzia kwenye majengo yaliyokuwa ya maabara ya NASA, wizara ikayachukua 1970. Wanatoa mada mara moja kwa mwaka, reli, barabara, mabasi, mabomba ya gesi, fungu lao dogo ukilinganisha na la jeshi, lakini anasema raha yake ni kwamba reli ipo mwaka mzima. Nikamwambia nyamaza.

Mwisho wa Agosti 2024

Mkataba umesainiwa. Miezi sita inahesabika kuanzia sasa, maana yake inaishia Februari, maana yake zaidi ya nusu ya muda wetu maji ya hapa yatakuwa yamelala. Tumekaa kikao tukakubaliana vibao viende Florida, karibu na Cape Canaveral, kuna chuo kina jukwaa linaloelea na huko vitu vinaota hata Januari. Sheria inaruhusu, awamu ya kwanza kampuni lazima ifanye yenyewe theluthi mbili ya kazi, theluthi inayobaki unaweza kumpa mwingine.

Oktoba 2024

Vibao vilikuwa vimeanza kupata ute mzuri kabisa, rangi ya kahawia, ukiupitisha kidole unateleza kama ganda la bamia. Kikaja kimbunga Milton. Kiliingilia upande wa magharibi, Siesta Key, tarehe 9 usiku, kikaikata Florida yote kikatokea upande wa Canaveral. Jamaa wa jukwaani walivitoa vibao vyote mapema wakaviweka kwenye matangi ya maji ya bahari ndani. Vimepona vingi, ila ute uliokaa tangini siku kadhaa gizani si ute uleule uliokuwa baharini, kwa hiyo data ya wiki hiyo tumeiweka pembeni na kuiandika hivyo kwenye ripoti. Msimamizi wetu upande wa majini hakulalamika, akasema meli nazo zinakutana na vimbunga.

Novemba 2024

Mwezi wa kitendawili. Kibao kilekile, hakijaguswa, asubuhi kinasoma juu, saa sita mchana kinashuka karibu nusu, jioni kinapanda tena. Kijana wetu wa programu akashuku betri, mimi nikashuku joto la kijicho, tukabadilisha vyote viwili, mchezo ukawa uleule. Yule dada wa chuo kikuu, mtu wa mwani, tulipomwonyesha grafu alicheka akasema hao wanajikinga na jua. Daiatomu akipigwa na jua kali anapunguza mwanga wake mwekundu, nishati ya ziada anaitoa kama joto ili asiungue, jioni anarudi kawaida. Yaani kifaa chetu kilikuwa kinapima vizuri tu, viumbe ndio vilikuwa na ratiba yao.

Dawa yake tumeipata kwa mtindo huu: sehemu inayotaka kupimwa tunaifunika kwanza kwa kikombe cheusi cha mpira kinachogusa ngozi ya meli, tunaipa giza kwa muda mfupi, ndio tunawasha bluu. Kile kikombe kimetusaidia mambo mawili kwa mpigo maana pia kimeondoa mwanga wa jua uliokuwa unavuja kwenye kichujio. Taa nayo haiwaki mfululizo, inapepesa kwa mapigo tunayoyajua sisi, na saketi inasikiliza mapigo hayo tu, kinachobaki inakitupa. Kupima kumekuwa kwa polepole zaidi, sawa, ila namba ya mchana na ya jioni sasa zinakaribiana.

Januari 2025

Rangi yenyewe ya meli ina vituko. Rangi za kuzuia viumbe siku hizi ni za shaba, zile za bati zilipigwa marufuku na mkataba wa kimataifa ulioanza kazi 2008, na hizi za shaba nyingi ni nyekundu. Sasa wewe unatafuta mwanga mwekundu hafifu juu ya ukuta mwekundu! Kila taa ya bluu ina kamkia kadogo ka mwanga mwekundu ambako mtengenezaji hakutangazi kwenye karatasi yake, kakigonga rangi nyekundu kanarudi na kujifanya ute. Tukaongeza kichujio cha pili, hiki mbele ya taa yenyewe, cha kukata mkia. Bei yake inauma kuliko vitu vyote vilivyomo kwenye kopo lakini bila yeye rangi safi isiyo na chochote ilikuwa inasoma kana kwamba ina ute.

Wanamaji wana kipimo chao, kimo kwenye sura ya 081 ya mwongozo wao wa ufundi wa meli, kinaenda kutoka 0 hadi 100. 10 na 20 ni ute, 30 ni majani, 40 ndio vinaanza vigamba vidogo. Mzamiaji anaangalia kwa macho anataja namba. Kifaa chetu kinatofautisha 0, 10 na 20 vizuri, hapo hapo palipokuwa panawapita. 30 pia tunaiona. Kuanzia 40 tunaanza kupotea, nitaeleza mbele.

Februari 2025

Ripoti ya mwisho ya awamu ya kwanza imeenda, na andiko la awali la awamu ya pili, ile ya kutengeneza kifaa chenyewe, limeenda. Sina la kuongeza, nimechoka kuandika.

Aprili 2025

Opsheni imeletwa. Watu wengi huidhani kama bakshishi, kumbe kazi yake ni daraja, ili kampuni isife njaa wakati awamu ya pili inajadiliwa. Miezi sita ya daraja, mto wenyewe tutauona.

Safari hii msimu umetukuta na hela mkononi, kwa hiyo mpango ni kufanya kazi Norfolk kuanzia Mei mpaka mwisho.

Pembeni kuna somo la uhasibu. Awamu ya pili kwa kawaida inalipwa kwa gharama halisi pamoja na faida maalumu, na hapo wakaguzi wa DCAA, ofisi inayokagua hesabu za mikataba ya jeshi, wanataka kuona mfumo wako wa hesabu kabla. Kila mtu aandike masaa yake mwenyewe kila siku, si Ijumaa kwa kukumbukakumbuka, na bosi naye aandike. Bosi wetu, mzee aliyekaa baharini nusu ya umri wake, kuandika "saa mbili: mkutano" kunamuuma kama kung'olewa jino. Halafu kuna mambo ya usalama wa kompyuta, vile vipengele 110 vya NIST 800-171, mwongozo wa serikali wa kulinda taarifa, alama unaanza nazo 110 halafu unakatwa, unaweza kushuka hadi hasi 203, sijawahi kuona mtihani wa namna hiyo. Kampuni yenye idara ya sheria inalimaliza hili kwa barua pepe mbili. Kwetu limekula mwezi wa mtu mmoja, na mtu huyo alitakiwa awe anachomelea saketi.

Julai 2025

Tumepata tagi, ile meli ndogo ya kuvuta na kusukuma meli kubwa! Si ya jeshi, ni ya kampuni binafsi ya hapa bandarini, mwenye nayo kakubali tuichezee inapokaa gatini wikiendi kwa masharti tumpe ramani ya mwisho. Tagi ni nzuri kwetu kwa sababu inasimama sana, na chombo kinachosimama ndicho kinachoota.

Ubavuni, kwenye mstari wa maji na chini yake kidogo, kifaa kimefanya kazi raha mstarehe. Maji ya hapa yana mwani wake mwingi unaoelea lakini kile kikombe kinausukuma nje. Ramani imetoka na mistari, kwenye mpira wa kuzuia kugonga gati pembeni yake pamejaa, sehemu inayosuguliwa na kamba ni safi.

Kisha tukaenda chini kabisa, tumbo bapa. Huko jua halifiki. Kifaa kinasoma karibu sifuri, skrini ni bluu tupu, unaweza kusema tagi imetoka chelezoni jana. Mzamiaji wetu akapitisha mkono, akatoka akasema huku ni kama msasa, kuna mirija midogo ya minyoo na vigamba vinaanza. Wanyama hao, hawana klorofili, hawatoi mwanga wetu. Hii tulikuwa tumeitaja kwenye andiko tangu mwanzo kama mpaka wa teknolojia, ila kuitaja ni kimoja na kuiona kwenye skrini huku mtu anakuonyesha kiganja kilichokwaruzika ni kingine. Awamu ya pili tumeomba tuongeze kipimo cha mwangwi, sauti ya masafa ya juu inayopima umbali hadi kwenye uso wa rangi, palipoota kitu kigumu mwangwi unarudi mapema na umechakaa. Taa kwa ute, mwangwi kwa vigamba, kopo moja.

Mwenye tagi alipoiona ramani aliuliza bei. Tukamwambia bado hatuna bei. Akasema mkiipata nipigieni.

Septemba 2025

Tumeambiwa kwa mdomo awamu ya pili imependekezwa. Kwa mdomo.

Wakati huohuo huko Washington sheria yenyewe ya SBIR inakwisha tarehe 30 mwezi huu. Mwaka 2022 walisubiri mpaka siku ya mwisho ndio wakairefusha miaka mitatu, kwa hiyo wengi ofisini wanasema watarefusha tu. Baraza la wawakilishi limeshapitisha mwaka mmoja. Kwenye seneti ndio kuna mvutano, Joni Ernst wa Iowa anataka mageuzi, mojawapo ni kikomo cha hela ambayo kampuni moja inaweza kuvuna maisha yake yote, Ed Markey wa Massachusetts hakubaliani na mengi ya humo. Mimi kwenye hili nina maoni yangu: ni kweli zipo kampuni zinaishi kwa kukusanya awamu za kwanza mwaka baada ya mwaka bila kuuza hata skrubu, na kuziona kunaudhi. Lakini kuufunga mlango mzima ili kuwatoa hao, wa kwanza kuumia ni aliyesimama kizingitini mguu mmoja ndani.

Oktoba 2025

Imekwisha. Tarehe 1 sheria haipo, na siku hiyohiyo serikali yenyewe imefungwa kwa kukosa bajeti. Mikataba iliyokwishasainiwa na kulipiwa inaendelea, mipya hakuna. Yetu ni mpya. Yule mtaalamu wetu hajibu barua pepe, na si kosa lake, yupo nyumbani.

Opsheni tuliimaliza wiki chache zilizopita, daraja limeishia katikati ya maji. Kijana wa programu kapewa siku tatu kwa wiki badala ya tano, kakubali lakini najua anatafuta kwingine na simlaumu ana mtoto mdogo.

Kitu kimoja hakijafa na watu wengi hawakijui: haki zetu juu ya data. Tangu 2019 kilichotengenezwa chini ya SBIR kinalindwa miaka 20, serikali haiwezi kuchukua michoro yetu ikampa kampuni kubwa ikatengeneza. Sheria ya mpango ikilala, ulinzi huo kwa mikataba iliyopita haulali. Ndicho kilichotupa ubavu wa kufikiria upande wa biashara.

Novemba 2025

Serikali imefunguliwa tarehe 12, baada ya siku 43. SBIR bado. Ofisi za mikataba zipo, watu wapo, simu zinapokelewa, ila kibali cha kisheria cha kutoa tuzo mpya hakipo.

Nimempigia mwenye tagi. Bei tumeipanga kwa vifaa pamoja na masaa, na safari hii masaa tunayajua mpaka dakika maana DCAA walishatufundisha. Anataka toleo la mwangwi, la taa peke yake halimtoshi kwa sababu tumbo bapa ndilo linalomla mafuta. Kakubali kulipa nusu mbele kwa kifaa kimoja cha majaribio. Haifiki hata robo ya tulichoomba awamu ya pili, inatosha kununua vipimo vya mwangwi na kumrudisha kijana siku tano mpaka mwisho wa Januari.

Vipimo vyenyewe nimeagiza jana. Maji yameshapoa hapa, kwa hiyo majaribio ya kwanza yatafanyika tena Florida kwenye lile jukwaa, wametuwekea vibao vyenye vigamba vikubwa vya msimu mzima. Naomba waliowahi kuziba waya wa kipimo cha mwangwi usipitishe maji ya chumvi kwa zaidi ya miezi mitatu waniambie walitumia gundi gani, tuliyonayo inabanduka kwenye shaba.